Kitenge ya Miavuli

Juma iliyopita niliwaacha mbele ya kioo ya Da Houda, niko ndani ya gauni isiyo yangu. Mulioandika kuuliza kama niliiba ile gauni: apana, sikuiba. Afadhali ningeiba. Mwizi anajua anachukua nini.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: naitwa Benite, niko mwanafunzi, na niko na haya. Si haya ya kujifanya. Ya kweli. Mwalimu wetu wa Kifaransa ananiita Bernadette tangu mwaka uanze, na mi naitika.

Rafiki yangu Amandine hana haya hata kidogo. Yeye ndiye alinizoeza kuzunguka maduka ya vitu vya zamani kwetu Cibitoke, hapa Bujumbura. Kuna kinyozi anauza santuri chini ya kioo yake. Kuna fundi wa redio, zile zilizokufa anazipanga dirishani kama picha za watakatifu. Na kuna Da Houda, mwenye mulango ya bluu. Huyo usimwambie anauza mitumba, mutagombana.

"Mitumba inalala chini," anasema. "Zangu zinasimama."

Da Houda hana tangazo ku redio. Yeye kila Jumamosi anachagua musichana mumoja, anamuvalisha gauni ya zamani, anamuambia atembee. Ukiulizwa umetoa wapi, unasema "kwa Houda." Jumatatu unairudisha imefuliwa. Basi.

Juma hiyo alinichagua mi.

"We ni murefu na husemi," akaniambia. "Nguo inapenda mutu asiyesema."

Gauni ilikuwa ya kitenge, rangi ya njano, imejaa miavuli midogo nyeusi. Mikono yake imevimba kama ya bibi harusi wa zamani. Da Houda akaapa kitenge ile haitengenezwi tena, na gauni kama ile Bujumbura muzima iko moja tu.

Moja tu. Mukumbuke hapo.

*

Jumamosi tukatoka. Amandine ananipiga picha na simu yake, anatembea kinyumenyume mbele yangu.

"Inua kidevu! Mbona unatembea kama mutu anapelekwa polisi?"

"Watu wanaangalia."

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

Mama mumoja akauliza nilipotoa nguo. Nikasema "kwa Houda", lakini ilitoka kidogo sana, nadhani ni meno yangu tu yalisikia. Amandine akapaaza: "KWA HOUDA, MAMA! MULANGO YA BLUU!"

Tukaingia kwa fundi wa redio. Amandine alitaka kuona kama ile redio ya mbao bado iko. Fundi akainua kichwa, akaangalia gauni yangu, akashangaa.

"Sasa we unafanya nini huku? Wenzako wameshaanza."

Nikamugeukia Amandine.

"Mi mwenyewe nimewapelekea baffles, spika zote kubwa, tangu asubuhi. Pita hapo nyuma, geti nyeusi. Kimbia, utagombezwa."

Nikaitika na kichwa. Mi naitika tu. Ndiyo ugonjwa yangu.

Inje, Amandine alikuwa amewaka. "Wenzako? Umesikia? Houda amevalisha wengine!"

"Alisema iko moja."

"Uongo wa biashara huo. Twende tuone."

Na mi, nawaambia kweli, niliumia. Nilikuwa nimefurahi kuwa ile moja. Wivu ndiyo ilinisukuma mpaka ku geti nyeusi, si Amandine.

Ndani kulikuwa na tenti kubwa, viti, baffles za fundi. Na wanawake wengi. Na wasichana. Na hata wanaume, mashati yao. Wote njano. Wote miavuli nyeusi.

"Yesu," Amandine akasema. "Ni défilé ya nguo!"

Haikuwa défilé. Kule mbele, ku meza, kulikuwa na picha kubwa ya mwanaume, na maua pande zote mbili.

Nikageuka nirudi. Nimechelewa.

*

Mama mumoja muzee alikuwa anakuja, mikono wazi, kitambaa inaanguka kichwani na hajali. Akanishika. Akaniangukia ku shingo.

"Umefika! Eh Mungu, umefika! Mutoto ya kaka yangu!"

Analia. Machozi yake inaingia ndani ya kola yangu.

"Mama, mi..."

"Shangazi. Uniite shangazi. Shangazi Caritas. Usiseme kitu, najua ni ngumu kwako. Umevaa, inatosha. Si nilimwambia mama yako? Nilimwambia: hii kitenge kaka yangu aliiacha mu sanduku yake, tangu zamani akiuza vitenge Uvira. Familia yote tutavaa hiyo. Nimeshonesha na ya mutoto. Akitukubali, avae. Akikataa, asivae, sitauliza tena."

Akanisukuma kidogo aniangalie vizuri.

"Na umevaa."

Hapo ndiyo nilielewa. Wasomaji wangu, hapo nilielewa yote. Huyu mama hakuwahi kuona mutoto mwenyewe. Alikuwa anajua nguo tu.

Mungejaribu nyinyi. Mama muzee analia ku shingo yako, anacheka na kulia mara moja, wamama wengine wanakuja, wanakushika uso, wanasema "pole, mutoto", "karibu, mutoto". Ingiza hapo neno "mumekosea". Mi sikupata mahali pa kuiingiza.

"Na huyu?" mutu akauliza juu ya Amandine.

"Rafiki yake," Amandine akajibu mwenyewe, haraka. Akapewa Fanta na kiti karibu na geti. Akanikonyeza. Alidhani tumebahatika.

*

Wakanikalisha ku mukeka, mbele, pamoja na watoto wa marehemu. Marehemu alikuwa anaitwa Aloys. Mukubwa wa watoto wake, Landry, mwanaume wa ndevu na saa kubwa, akasogea pembeni yangu. Hakuniangalia. Akaongea na magoti yake.

"Mama yako amekuja?"

"Apana."

"Iko wapi?"

"Ku nyumba."

"Anajua uko hapa?"

"Apana."

Yote ilikuwa kweli. Kila kweli yangu ilikuwa inanizamisha.

"Sitaki kugombana na we," Landry akasema. "Mi nataka kujua kitu moja tu. Baba alikuwa anakuja kwenu siku gani?"

Baba. Mi baba yangu ni Maxime, dereva wa lori. Anapakia ku viwanda vya Zone Industrielle, anaenda mikoani, anarudi mwisho wa juma na mikungu ya ndizi. Landry aliuliza "baba", woga ikanishika, na kichwa yangu ikanipa baba yangu mi.

"Siku ya Mungu," nikasema. "Jumapili jioni."

Landry akafunga macho.

"Siku ya Mungu jioni," akarudia. "Na sisi alikuwa anatuambia anaenda kuimba mu chorale."

Mi nilikaa pale, nimemwibia mutu baba yake, na baba yangu nimemuweka mu kaburi ya watu.

*

Musemaji wa familia akachukua mikro. Asiyejua desturi yetu, nimweleze: siku ya kuganduka ndiyo siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo familia inasema yote mbele ya watu. Marehemu aliacha nini, aliacha nani. Kama kuna mutoto wa inje, anasimamishwa siku hiyo, watu wanamuona, anakuwa wa nyumba. Asiposimamishwa siku hiyo, kesho akibisha mulango ataambiwa: ulikuwa wapi tukiganduka?

"Ndugu yetu Aloys," musemaji akasema, "aliacha mutoto inje ya nyumba hii."

Tenti yote ikasema "eh".

"Hatukuficha. Shangazi yake amemutafuta mwaka muzima. Mutoto anaitwa Laure. Iko hapa, mumemuona, amevaa kama sisi."

Mama Pascaline, mujane, akainuka ku kiti yake.

Tangu niingie hakuwa ameniangalia hata mara moja. Sasa alikuwa anakuja moja kwa moja. Landry akasema pole pole, "Mama, tafadhali." Hakumusikia.

"Simama."

Nikasimama. Nikawaza, asante Mungu, huyu atanipiga. Akinipiga nitakimbia, na itakuwa imeisha.

"Laure," akasema. "Mi niliapa mbele ya hawa watoto. Nilisema: siku huyo anaingia kwangu, mi natoka. Landry, nilisema ama sikusema?"

"Ulisema, mama."

"Niliomba Mungu usifike. Hata leo asubuhi, nikivaa, niliomba." Sauti yake ikakatika, akairudisha. "Umeingia. Na mi sitoki. Angalia, sitoki. Kosa haikuwa yako."

Akanishika mukono, akanipeleka mbele ya watu wote, akanisimamisha pembeni ya kiti yake, pale ku meza ya picha. Vigelegele ikapanda mpaka juu ya mabati.

Sasa naandika ile ambayo inanitia haya kuliko yote.

Hakuna mutu alinilazimisha. Mikro haikuwa mbele yangu. Nilikuwa naweza kumuinamia sikioni nimwambie, mama, mi si Laure. Alikuwa karibu, nasikia marashi yake.

Nilisema: "Asante, mama."

Na nilipenda. Kwa kitambo kidogo, nilipenda. Mi ambaye mu darasa hata jina yangu haijulikani, pale watu wote walikuwa wananiangalia kama mutu waliyemupoteza.

*

Wakati vigelegele inashuka, nikaona ku geti kuna musichana.

Amevaa uniform ya shule. Siku ya Jumamosi. Sketi ya bluu, shati nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kijana wa geti alikuwa amemusimamisha.

"Leo ni familia tu, dada."

Musichana akainua kichwa, akaangalia ndani. Mi nikaona nyusi yake. Ya kushoto ilikuwa inakatika katikati, kama imefutwa na kidole.

Nikageuka nyuma, nikaangalia picha ya marehemu. Nyusi ya kushoto. Katikati.

Nilipogeuka tena, alikuwa ananiangalia mi. Gauni. Mukono wa Mama Pascaline ku bega yangu. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mutu anafika ku kiti yake kanisani, anakuta mwingine amekalia.

"Samahani," akamwambia kijana. "Nimekosea mulango."

Akaenda.

Hakuna aliyemuona. Wote walikuwa wananiangalia mi.

"Mama," nikasema, "naomba kutoka kidogo."

"Choo iko nyuma, mutoto wangu."

"Ndiyo, mama."

Sikuenda nyuma. Nilipita ku geti. Amandine alikuwa na brochette ya nyama mu kila mukono.

"Princesse! Unaenda wapi? Wanaleta wali!"

"Niache."

"Benite! Nini? Wamekujua?"

*

Nilimufikia ku kona.

"Laure!"

Akasimama. Akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, pole pole, kama Da Houda akikagua nguo.

"Imekutosha," akasema. "Mi ilikuwa inanibana makwapa."

"Rudi. Wanakungoja."

"Walikuwa wanangoja nguo. Wameipata."

"Mi sikujua! Da Houda alinivalisha tu, nitembee nayo. Sikujua ni ya watu."

"Najua. Mi mwenyewe niliipeleka kwa Houda. Mama alilia, akasema nivae, niende. Nikamwambia mi sitaenda kuonyeshwa kama mbuzi ya Noeli. Nikaikunja, nikaitoa mu nyumba."

"Sasa mbona umekuja?"

Akavuta mukono ya shati yake, akaunyoosha, na haukuwa na kosa.

"Nilitaka kuona picha yake. Kwetu hatuna hata moja. Alikuja kwetu mi ningali mudogo, simukumbuki. Nikasema nitaingia kama mutu wa jirani, nitaangalia picha, nitatoka."

"Umeiona?"

"Apana."

"Mbona?"

"Ulikuwa umesimama mbele yake."

Mi nililala ku sakafu ya hospitali mwaka jana, nilifeli mitihani, mumesoma hayo yote hapa. Hakuna iliyoniuma kama hiyo.

"Ningojee," nikasema. "Tafadhali. Kidogo tu. Usiende."

Mi nikakimbia kurudi ku tenti.

*

Musemaji alikuwa anawaomba watu wasimame kwa sala ya kufunga. Nilimunyang'anya mikro. Ndiyo, mi. Mwenyewe sijui mukono ile ilitoka wapi.

Baffles zikalia kama zimekanyagwa mukia. Watu wakaziba masikio.

"Mi si Laure."

Wakatoa mikono ku masikio.

"Mi ni Benite. Baba yangu anaitwa Maxime na iko muzima. Hii nguo nilivalishwa mu duka. Mutoto wenu iko inje, ku kona, amevaa uniform. Alikuja kuangalia picha, akanikuta mi." Nilikuwa nalia sasa, na mikro inachukua yote, mpaka kamasi. "Na Landry, baba yako alikuwa anaenda chorale kweli. Mi nilisema siku ya baba yangu. Unisamehe. Alikuwa chorale."

Mutu mumoja nyuma akacheka, ile cheko ya woga. Akanyamazishwa.

Shangazi Caritas alikuwa amesimama katikati ya viti.

"Sasa," akasema, "mi nililia ku shingo ya nani?"

Nikashusha mikro.

"Mi nauliza, we musichana. Machozi yangu nilimupa nani?"

Landry alikuwa ameshanifikia. Akanishika mukono juu ya kiwiko, nguvu.

"Ulijua?"

"Mwanzo apana."

"Ulijua lini?"

"Shangazi aliponishika."

"Kabla ya mama kuinuka?"

"Ndiyo."

"Kabla ya kumuambia asante?"

"Ndiyo."

Akaniachia, kama mutu ameshika kitu ya moto. Wamama wakaanza. Mumoja anasema ni shetani, mwingine anasema ni mwizi wa urithi, wa tatu anataka niitiwe polisi, mwingine anasema kwanza avuliwe gauni, hapahapa. Kijana wa geti akafunga geti.

Mama Pascaline alienda ku meza. Akaondoa maua. Akachukua ile picha na mikono miwili, akaiweka kifuani, akatembea mpaka ku geti.

"Fungua."

Kijana akafungua.

*

Tulimufuata wote. Ku kona hakukuwa na mutu.

Mama muuza maparachichi alikuwa amekaa palepale. Mama Pascaline akamuuliza.

"Yule wa uniform? Amepanda pikipiki sasa hivi. Alisimama kidogo, akasikia hiyo makelele yenu ya baffles, akapanda." Akaongeza, "Alikuwa analia, maskini."

Mama Pascaline akamugeukia Shangazi Caritas.

"Anaishi wapi?"

"Sijui."

"Unasema nini?"

"Sijui, wifi. Mama yake tulikuwa tunakutana sokoni. Kila mara sokoni. Nilimuomba anipeleke kwake, alikataa. Alikuwa anakuogopa we."

Hapo hata wale wamama waliotaka polisi wakarudi nyuma.

Musemaji akaja, mikro imerudi mu mukono yake, waya inaning'inia. "Mama, wageni wamesimama kwa sala. Matanga haiachwi katikati. Tufunge, mutoto tutamutafuta kesho."

"Tukifunga, kesho atakuwa nani?"

Musemaji akaangalia chini. Jibu ilikuwa inajulikana na watu wote.

"Basi hamufungi," Mama Pascaline akasema. "Mukalishe wageni. Muwape kula tena. Hakuna mutu anasema amina mpaka nirudi."

Kisha akaniangalia. Ile mara ya kwanza, ku tenti, aliniangalia kama mutoto. Mara hii aliniangalia kama mutu anaangalia mulango uliovunjwa: lazima aupite tu.

"Hiyo duka uliyovalishwa. Mwenyewe anajua nani alileta nguo, atuonyeshe kwao?"

"Ndiyo, mama."

"Da Houda hasemi," Amandine akadakia nyuma yangu. Mara yake ya kwanza kuongea kwa sauti ndogo. "Samahani, mama. Hasemi kamwe nani analeta. Wamama wakubwa wa hapa wanauza nguo zao kwake kwa siri, akisema mara moja tu duka imekufa. Alishafukuza hata polisi."

"Mi si polisi." Mama Pascaline akanionyesha barabara na kidevu. "We. Pita mbele."

"Mama, naomba nivue kwanza hii nguo. Nipewe hata leso..."

"Usivue. Uliingia nayo, utatembea nayo. Mbele."

Nikapita mbele.

Nyuma yangu Mama Pascaline na picha. Nyuma yake Landry, Shangazi Caritas, watoto, wajomba, familia muzima. Njano na miavuli, barabara imejaa. Baiskeli zinasogea pembeni. Wanaume wanavua kofia, kwa sababu wanaona picha ya marehemu. Vinyozi wanatoka na wembe mu mukono.

Mama mumoja akaacha maji yake chini, akanifuata, akanishika vidole. Simujui.

"Pole, mutoto," akasema. "Pole sana kwa baba yako."

Familia yote ilisikia. Nikasikia miguu inasimama nyuma yangu. Nikageuza uso kwa Mama Pascaline, anisaidie. Hakunisaidia.

"Umujibu," akasema.

"Si baba yangu," nikamwambia yule mama. "Mi si wa hii familia."

Yule mama akaniangalia, akaangalia nguo, akaangalia watu wote waliovaa kama mi. Akaachia vidole vyangu. Akarudi kwa maji yake bila kugeuka.

"Endelea," Mama Pascaline akasema.

Tukakunja kona. Nikaona mulango ya bluu. Da Houda alikuwa amesimama inje, mukono ku paji ya uso, anaangalia umati unaokuja. Akaona njano. Akaona miavuli. Akaona picha.

Akaingia ndani haraka, na mulango ukaanza kufungwa.

"Kimbia," Mama Pascaline akaniambia. "Uwahi kabla hajafunga. Kimbia, na leo uongee."

Nikakimbia.